Tairi la Kigari cha Gofu: Kutoka Majanini Hadi Kwenye Lami

Kigari cha gofu kilizaliwa kwa ajili ya nyasi, na tairi lake la kwanza liliundwa ili kuzilinda nyasi hizo. Katika miaka ya 1930 nchini Marekani vilikuwapo vigari vichache, vilivyotengenezwa kimoja kimoja, vya kuwabeba wachezaji wasiomudu kutembea kutoka shimo hadi shimo. Biashara yenyewe ilishika kasi baada ya 1951, pale Merle Williams wa Long Beach, California, alipoanza kuunda vigari vya umeme katika kampuni yake ya Marketeer mjini Redlands. Ujuzi wa magari ya betri alikuwa ameupata wakati wa Vita Kuu ya Pili, petroli ilipokuwa ya mgawo. Mwaka 1954 E-Z-GO ikafunguliwa Augusta, Georgia. Club Car, iliyoanzia Houston, ikahamia Augusta hukohuko miaka michache baadaye. Na mwaka 1963 Harley-Davidson, watengenezaji wa pikipiki, nao wakatoa kigari chao cha magurudumu matatu.

Nyasi za uwanja wa gofu ni mali ya gharama. Hukatwa zikabaki fupi, humwagiliwa maji na kutunzwa kama zulia la sebuleni, na mfereji mmoja wa gurudumu huharibu kazi ya wiki nyingi. Kigari cha umeme cha wakati ule kilibeba betri sita za volti 6, zenye risasi na asidi ndani, kila moja ikikaribia kilo 28. Kabla mtu hajapanda, betri peke yake zilikuwa zimekwisha kuweka juu ya magurudumu uzito wa watu wazima wawili. Dawa iliyopatikana ni tairi pana lenye upepo kidogo. Hesabu yake ni nyepesi: nguvu ambayo tairi hukandamizia kila inchi ya ardhi hukaribiana na nguvu ya upepo uliomo ndani yake. Tairi la gari dogo hujazwa paundi 30 hadi 35 kwa inchi ya mraba, ilhali la kigari cha gofu hujazwa takriban 20, basi hutua juu ya nyasi mfano wa unyayo mtupu, si kisigino cha kiatu.

Wazo la kuulaza mzigo juu ya upepo lilikuwa la zamani. Mskoti Robert William Thomson alilisajili mwaka 1845, likasahaulika, na John Boyd Dunlop akalifufua Belfast mwaka 1888 kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Kwa viwanda vya vigari vya gofu, tairi la upepo lilikuwa kitu cha kawaida kilichohitaji tu kupunguzwa kimo na kutanuliwa. Kipimo kilichokuja kuenea kuliko vyote ni 18x8.50-8: kimo inchi 18, upana inchi 8.5, ringi ya inchi 8. Kashata zake, yaani vile vinundu vya mpira vinavyogusa ardhi, ni fupi na zimesogeleana, kwa kuwa kashata ndefu hung'oa majani kila kigari kinapokata kona.

Safari ya kutoka majanini ilianzia kwa wastaafu. Tarehe 1 Januari 1960 mjenzi Del Webb alifungua Sun City, Arizona, mji uliokusudiwa watu waliomaliza kazi, wenye uwanja wa gofu na maduka karibu na nyumba. Wakazi hawakukawia kuona kwamba kigari kilichowafikisha uwanjani kingeweza kuwafikisha dukani pia. Huko Georgia, mji wa Peachtree City, ulioanzishwa rasmi 1959, ulikwenda mbali zaidi: ulijenga njia za lami za vigari na waenda kwa miguu, zenye madaraja na vivuko vya chini ya barabara kuu, hadi zikapita kilomita 150. Wanafunzi wa sekondari huegesha vigari shuleni kama wenzao wa miji mingine wanavyoegesha baiskeli. The Villages kule Florida nako vigari vimejengewa madaraja yake juu ya barabara kuu, na katika kisiwa cha Santa Catalina, mjini Avalon, ambako magari makubwa yamewekewa kikomo, kigari cha gofu ndicho usafiri wa kila siku.

Tairi halikuwa limejiandaa kwa maisha hayo. Lami haibonyei kama udongo, hivyo tairi lenyewe ndilo linalobonyea, na kila mzunguko mbavu zake laini hukunjika na kukunjuka hadi zinapata moto. Kazi hiyo ya kukunjika hulipwa na betri: mwenye kigari huona umbali aliouzoea ukipungua, akadhani betri zimechoka, kumbe tairi zimepungua upepo. Ukitazama kwa karibu tairi la nyasi lililokimbizwa muda mrefu barabarani, utakuta kashata za pembeni zimelika kwanza na kuacha ukingo mkali upande mmoja kama meno ya msumeno, huku zile za katikati zikiwa bado zina uhai. Huo ni mchoro wa tairi lililojazwa upepo kwa kipimo cha majani na kukatishwa kona kwenye lami. Mvua ikinyesha, hatari huongezeka, kwani vifereji vyake vifupi havipitishi maji vizuri na mshiko wa tairi kwenye lami hupungua. Ikumbukwe kwamba vigari vingi vya uwanjani vina breki za nyuma tu.

Sheria ilifika baadaye. California iliruhusu majaribio ya vigari barabarani mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Palm Desert ukawa mji wa mfano. Kisha tarehe 17 Juni 1998 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ikaweka kundi jipya la magari ya mwendo mdogo: yenye magurudumu manne na mwendo wa juu unaozidi kilomita 32 kwa saa lakini usiopita 40. Orodha ya vifaa vya lazima ilikuwa ndefu: taa za mbele, za nyuma na za breki, indiketa, viakisi mwanga, vioo vya pembeni, breki ya mkono, kioo cha mbele, mikanda, namba ya utambulisho. Tairi halikutajwa. Kitu pekee kinachoigusa barabara kikaachwa nje ya orodha, na uamuzi wake ukabaki mikononi mwa kiwanda, fundi na mwenye kigari. Hilo lilikuwa pengo kubwa, na tangu hapo kuchagua tairi kukawa jambo la kujifunza kusoma maandishi yaliyo ubavuni mwake.

Herufi za kwanza za kutafutwa ni DOT, ambazo kwazo mtengenezaji anathibitisha kuwa tairi limetimiza viwango vya serikali ya Marekani vya matumizi ya barabarani. Tairi nyingi za nyasi hazina herufi hizo, na baadhi zimechapwa NHS, alama inayomwambia mnunuzi waziwazi kwamba tairi hilo halikuundwa kwa barabara kuu. Baada ya hapo hutazamwa plai. Zamani neno hilo lilihesabu matabaka halisi ya nyuzi za pamba ndani ya tairi. Siku hizi ni daraja la nguvu tu, maana nyuzi za kisasa huweza kufanya kazi ya matabaka mengi zikiwa chache. Plai nne ndiyo kawaida ya vigari, na kinachobeba abiria sita huhitaji daraja la juu zaidi.

Kipimo kilichokuja kupendwa kwa lami ni 205/50-10, na namba zake zinaeleza kwa nini. Upana ni milimita 205; kimo cha ubavu ni asilimia 50 ya upana huo, yaani milimita 102.5, ringi ni inchi 10, sawa na milimita 254. Jumlisha ringi na mbavu mbili, jibu ni milimita 459. Tairi la zamani la inchi 18 lina milimita 457. Kimo ni kilekile, kwa hiyo kigari hakihitaji kuinuliwa wala mwendo wake haubadiliki, lakini ubavu umeshuka kutoka milimita 127 hadi 102.5. Ubavu mfupi hauyumbi sana kwenye kona, na usukani huitika haraka zaidi. Gharama yake ni starehe: kila shimo la barabarani hupanda hadi kwenye kiti.

Wapo waliochukua njia nyingine, wakainua vigari na kufunga tairi za inchi 23. Kwa mzunguko uleule wa ekseli, tairi hilo husafiri zaidi kwa asilimia 28 hivi, kwa hiyo kigari cha kilomita 20 kwa saa hukaribia 26 huku breki zikibaki zilezile na uzito ukiwa umepanda juu. Katika mji wa barabara tambarare, uamuzi huo ni mgumu kuutetea.

Mageuzi ya karibuni ni tairi za radiali. Michelin walisajili muundo huo 1946: nyuzi zinakatiza moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo badala ya kupita mshazari, na mkanda wa chuma unalifunga eneo la kashata. Magari makubwa yalihamia huko miongo mingi kabla ya vigari vya gofu. Kwenye kigari, radiali hutambulika kwa herufi R, kama katika 205/50R10. Hupata moto kidogo, hulika taratibu na hutuliza mtikisiko.

Wazee wa miji ya wastaafu kama Sun City huendesha kilomita chache kwa siku, na jua la Arizona na Florida huupasua mpira kabla kashata hazijaisha. Ndiyo maana mafundi hutazama pia tarakimu nne za mwisho za mfululizo wa DOT, ambazo tangu mwaka 2000 hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Tairi lenye kashata nzima na mipasuko myembamba kama nywele ubavuni huvuliwa, hata kama linang'aa.