Mvinyo mwekundu wa Italia na mizabibu ya Kanda ya Kati

Mvinyo mwekundu wa Italia hutambuliwa kwa eneo ulikotoka kabla ya aina ya zabibu: hali ya hewa, desturi za wakulima na sheria inayolinda mipaka. Jambo hilo linawahusu moja kwa moja wakulima wa zabibu wa Dodoma, Tanzania, na majirani zao wa Manyoni, mkoani Singida.

Mitindo ya Italia

Wapo wanaoshikilia kuwa mbegu ndiyo kila kitu. Zabibu ya Sangiovese inawapinga. Katika vilima vya Chianti, Toscana, hutoa mvinyo mchangamfu wenye uchachu. Montalcino, upande wa kusini wenye joto na ukavu zaidi, hutoa mvinyo mzito wa Brunello, unaouzwa kuanzia mwaka wa 5 baada ya mavuno. Kule Piemonte, zabibu ya Nebbiolo huchelewa kuiva hadi msimu wa ukungu, na mvinyo wake wa Barolo hutunzwa miezi 38, ambapo 18 ni ndani ya mapipa ya mbao. Kule Veneto ufundi ndio huongoza: zabibu za mvinyo wa Amarone huanikwa kivulini kwa miezi kadhaa, zikasinyaa na sukari ikakolea, ndipo hukamuliwa. Sheria nayo hulinda maeneo hayo: mipaka ya Chianti ilitangazwa mwaka 1716. Madaraja ya DOC, yaani majina ya asili yanayolindwa, yaliwekwa na sheria ya mwaka 1963.

Kusini, zabibu ya Aglianico hutawala Campania na Basilicata.

Dodoma na Singida

Wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu Bihawana, Dodoma, katika miaka ya 1950. Baadaye kampuni ya CETAWICO, yenye asili ya Kiitalia, ilileta zabibu za Aglianico na Teroldego huko Hombolo, Dodoma. Hata hivyo, mzabibu wa hapa haupati baridi ya kuulaza. Mkulima huuamsha kwa kupogoa. Machipukizi hutoka, maua hufuata, na baada ya miezi 4 hivi vichala viko tayari. Kwa hiyo huvunwa mara mbili kwa mwaka. Aglianico iliyokuzwa hivyo haiwezi kuwa nakala ya Taurasi, mvinyo wa Aglianico wa Campania, wala haina sababu ya kuwa nakala.

Itasemwa kwamba sifa hii ya mavuno mawili ni ya Dodoma peke yake. Lakini mpaka wa mkoa hauzuii kiangazi: Manyoni inapakana na wilaya ya Bahi, mkoani Dodoma, na ukame ni uleule. Tofauti kubwa ni huduma, kwani kituo cha utafiti cha Makutupora kiko Dodoma, na mchuzi wa zabibu unahitaji kiwanda cha karibu.

Hali ya sasa

Kwa sasa Singida hujulikana zaidi kwa alizeti, vitunguu na asali kuliko kwa zabibu.