Aya Zile Zile kwa Karne Kumi na Saba: Historia ya Mjadala juu ya Uungu wa Yesu

Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitoa uamuzi katika kesi iliyozaliwa na maneno machache. Miaka mitatu nyuma, mhubiri mmoja wa Kiislamu alisimama hadharani mkoani Morogoro akasema kwamba Yesu si Mwana wa Mungu. Alikamatwa, akashitakiwa chini ya kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu kwa kutamka maneno kwa nia ya kuumiza hisia za dini za watu wengine, na mwaka 2001 mahakama ya wilaya ikamhukumu kifungo cha miezi 18. Waislamu wengi walikasirishwa na hukumu hiyo, na Agosti mwaka huo watu waliandamana jijini Dar es Salaam. Mahakama ya Rufani ikaifuta hatia. Mtu anapoeleza imani yake, ilisema, hata kama imani hiyo inapingana na ya wenzake, anatumia uhuru wa dini unaolindwa na Katiba. Na nia ya kuumiza haikuthibitishwa.

Majaji hawakuombwa kuamua kama Yesu alidai uungu. Kazi hiyo ina wenyewe, nao ni wanaobishana kwa Maandiko. Tangu karne ya 4 hadi leo watu wamekuwa wakifungua Injili zile zile na kunyoosheana kidole kwenye mistari ile ile. Anayesikiliza mihadhara ya mitaani akadhani hoja zake zilibuniwa Kariakoo au Manzese, atashangaa kuzikuta Aleksandria ya maaskofu na Baghdad ya makhalifa.

Meza uwanjani

Mihadhara kama tunavyoijua ilishika kasi Tanzania katika miaka ya 1980. Mwaka 1981 Ahmed Deedat, mhadhiri mashuhuri kutoka Durban, aliizuru nchi, na wahubiri waliojifunza Biblia ili kuilinganisha na Qur'ani wakazidi kujitokeza. Mwaka 1987 Ngariba Mussa Fundi na Kawemba Mohamed Ali walitoa kitabu chao, Uislamu katika Biblia. Kanda za kaseti za mihadhara zikapita mkono kwa mkono. Wahubiri wa Kikristo nao wakaanza ya kwao, na mara nyingine pande mbili zikakutana ana kwa ana.

Utaratibu wake haukuhitaji mengi: meza, spika, Biblia ya Kiswahili na Msahafu. Mhadhiri anataja kitabu, sura na mstari. Msaidizi wake anafungua na kusoma kwa sauti. Mhadhiri anamsimamisha kwenye neno analolitaka, anamwambia arudie, kisha anaugeukia umati. Waliohudhuria wanajua jinsi uwanja mzima ulivyonyamaza mstari ukitafutwa, na jinsi takbira au aleluya ilivyopasuka ulipopatikana.

Katika mikutano hiyo changamoto mbili zilisikika kuliko nyingine zote. Mwislamu alidai aonyeshwe mahali pamoja tu ambapo Yesu, kwa kinywa chake, alisema kwamba yeye ni Mungu na kwamba aabudiwe. Mkristo alijibu kwa kudai aonyeshwe mahali pamoja tu ambapo Yesu alimkataza mtu aliyemsujudia.

Tuitazame ya pili kwa karibu. Petro alipoingia kwa Kornelio, na mwenyeji akaanguka miguuni pake, Petro alimwinua akasema naye ni binadamu; hiyo ni Matendo sura ya 10. Sura ya 14, watu wa Listra walitaka kuwatolea dhabihu Paulo na Barnaba, nao wakararua mavazi yao kwa uchungu. Katika Ufunuo, malaika alimkataza Yohana mara mbili, sura ya 19 na ya 22. Yesu je? Waliokuwa chomboni walimsujudia baada ya dhoruba kutulia, kipofu aliyeponywa akamsujudia, wanawake wakamshika miguu siku ya ufufuo, na hakuna hata mmoja aliyekemewa.

Mhadhiri wa Kiislamu naye alikuwa na majibu kutoka Biblia hiyo hiyo. Ibrahimu aliinama mbele ya Wahiti alipokuwa akitafuta kiwanja cha kumzikia Sara. Daudi alisujudu mara tatu mbele ya Yonathani. Mfalme Nebukadreza alianguka kifudifudi akamsujudia Danieli, na kitabu hakisemi kwamba Danieli alimzuia. Basi kusujudu, alisema, ilikuwa heshima ya watu wa mashariki kwa mkubwa au mfalme, wala haithibitishi uungu.

Hoja iliyoimbwa na mabaharia

Kwa kuwa siku hizi mjadala huu ni wa Mwislamu na Mkristo, ni rahisi kusahau kwamba ulianza kuwaka baina ya Wakristo wenyewe, tena Afrika. Ario alikuwa kasisi wa Aleksandria, Misri, mwanzoni mwa karne ya 4. Alifundisha kwamba Mwana aliumbwa kabla ya vyote, na kwamba kulikuwa na wakati ambapo hakuwepo. Ushahidi wake ulitoka kwenye Maandiko: Mithali sura ya 8, Hekima inapoeleza jinsi Bwana alivyoiweka mwanzoni mwa kazi zake, Yohana sura ya 14, Yesu anaposema kuwa Baba ni mkuu kuliko yeye, na Marko sura ya 13, anaposema kuwa hata Mwana haijui siku ya mwisho. Mwanahistoria wa kale Filostorgio ameandika kwamba Ario alitunga nyimbo za mabaharia, za wasaga nafaka na za wasafiri, ili mafundisho yake yafike hata kwa asiyejua kusoma. Kaseti za mihadhara zilikuwa na babu yao.

Kaisari Konstantino aliita mtaguso Nikea, katika Uturuki ya leo, mwaka 325. Walihudhuria maaskofu wapatao 300. Walikiri kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba, na maaskofu wawili waliokataa kutia sahihi walihamishwa pamoja na Ario.

Hapa lazima tusahihishe jambo linalorudiwa sana majukwaani, kwamba Yesu alifanywa mungu kwa kura kule Nikea. Si kweli. Zaidi ya miaka 200 kabla ya mtaguso, Plinio, gavana wa Kirumi huko Bithinia, alimwandikia Kaisari Trayano kwamba Wakristo hukusanyika alfajiri na kumwimbia Kristo kama mungu. Ario mwenyewe hakukataa kumwita Kristo mungu kwa namna fulani. Kilichogombewa Nikea ni kama uungu huo ni sawa na wa Baba au ni wa chini yake. Pia si kweli kwamba mtaguso uliumaliza ugomvi. Konstantino alibatizwa karibu na kifo chake, mwaka 337, na askofu aliyekuwa rafiki wa upande wa Ario. Athanasi wa Aleksandria, mtetezi mkuu wa Nikea, alifukuzwa mjini kwake mara tano. Msimamo wa Nikea ulikuja kuimarishwa na mtaguso wa Konstantinopoli mwaka 381.

Athanasi huyo ndiye anayetuunganisha na uwanja wa Dar es Salaam. Katika maandiko yake dhidi ya wafuasi wa Ario aliuliza: kiumbe anawezaje kuabudiwa na kiumbe mwenzake? Kisha akamtaja Petro aliyemzuia Kornelio, na malaika aliyemzuia Yohana, akalinganisha na Yesu aliyepokea. Hoja ya mhubiri wa Kikristo penye spika ina zaidi ya miaka 1600, na mistari yake haijabadilika.

Khalifa na Patriaki

Upande wa Kiislamu nao una ukoo wake. Mnamo mwaka 781 Khalifa al-Mahdi alizungumza kwa siku mbili mjini Baghdad na Timotheo wa Kwanza, Patriaki wa Kanisa la Mashariki. Habari hizo tunazo kwa kalamu ya Timotheo, aliyemsimulia rafiki yake kwa Kisiria. Miongoni mwa maswali ya Khalifa lilikuwamo hili: kama Yesu ni Mungu, mbona alimwambia Mariamu Magdalene kwamba anapaa kwenda kwa Mungu wake? Timotheo akajibu kwamba hapo alisema kwa ubinadamu wake. Yalikuwa mazungumzo ya mtawala na raia wake, kwa hiyo mizani haikuwa sawa. Hata hivyo kila mmoja alimwachia mwenzake nafasi ya kumaliza, na Timotheo alimtaja Mtume Muhammad kwa heshima, kama aliyeifuata njia ya manabii.

Karne kadhaa baadaye kikaandikwa kitabu kinachonasibishwa na Imam Ghazali, ingawa wanazuoni wanabishana kama ni chake kweli, kilichojibu madai ya uungu wa Yesu kwa kutumia Injili. Kilishika Yohana sura ya 10. Yesu anasema kwamba yeye na Baba ni mmoja. Wayahudi wanaokota mawe. Naye anawakumbusha kwamba Zaburi imewaita miungu watu waliojiliwa na neno la Mungu. Basi, kinasema kitabu, Yesu mwenyewe ametufunulia kuwa kauli yake ilikuwa ya mafumbo. Mkristo akiisoma sura hiyo husonga mbele hadi mwisho wa mabishano, ambapo wasikilizaji bado wanataka kumkamata, akauliza: kama aliwatuliza, mbona hawakutulia?

Kutoka Agra hadi Pwani

Aprili 1854, mjini Agra, India, mmisionari Mjerumani Karl Gottlieb Pfander, mwandishi wa Mizani ya Haki, alikutana hadharani na Sheikh Rahmatullah Kairanawi. Utatu ulikuwa kwenye orodha ya mada, lakini mjadala ulivunjika baada ya siku mbili kabla ya kuufikia. Muda wote uliishia kwenye kufutwa kwa hukumu za kale na kubadilishwa kwa Maandiko. Rahmatullah alimshangaza Pfander kwa kutumia vitabu vya wachunguzi wa Biblia wa Ulaya, ambavyo mwenzake Dkt. Wazir Khan alikuwa amevipata alipokwenda Uingereza. Baada ya maasi ya 1857 dhidi ya Waingereza nchini India, Rahmatullah alikimbilia Makka, na mwaka 1864 kitabu chake Izhar al-Haqq kikakamilika Istanbul.

Nakala ya kitabu hicho iliangukia mikononi mwa kijana muuza duka huko Natal, Afrika Kusini, karibu na misheni ya Adams, ambako wanafunzi wa misheni walimzidi kwa maswali asiyoyaweza. Kijana huyo ndiye Ahmed Deedat. Akaanza kuandika hoja kwenye daftari, akaingia kwenye mijadala, na mwaka 1985 akasimama Royal Albert Hall, London, kujadiliana na Anis Shorrosh juu ya swali hili hili.

Hata hivyo pwani yetu haikumsubiri Deedat. Unguja, katika miaka ya 1890, Sheikh Ali bin Muhammad al-Mundhiri, mwanazuoni wa Kiibadhi, alikwisha kuandika kwa Kiarabu jibu kwa hoja za Wakristo. Mwaka 1923 Kanoni Godfrey Dale wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alichapisha tafsiri ya kwanza kamili ya Qur'ani kwa Kiswahili, pamoja na maelezo ya kuipinga. Masheikh nao wakaona ni wajibu wao kutoa tafsiri zao, na mwaka 1969 ile ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy ikatoka. Waswahili wengi wameisoma Qur'ani kwa lugha yao kwa sababu mabishano yalimlazimisha kila mmoja kufanya kazi.

Mizani mbili

Kwa nini basi mabishano haya hayaishi? Naona jibu limo katika zile changamoto mbili. Mmoja anadai kauli, mwingine anadai tendo. Mwislamu anaisoma Injili akiwa na Surat al-Maida, ambamo Mwenyezi Mungu anamuuliza Isa kama aliwaambia watu wamfanye yeye na mama yake kuwa miungu, naye anakana. Kwake, walichofanya wafuasi hakiwezi kuishinda kauli hiyo. Kwa Mkristo, ushuhuda wa mitume waliomwona Yesu akisamehe dhambi, na kuhukumiwa kwa kukufuru mbele ya Kuhani Mkuu, ni ufunuo wenyewe. Mstari mmoja unapimwa kwa mizani mbili, na hakuna mstari unaoweza kuamua ni mizani ipi itumike.

Hilo halifanyi mjadala uwe bure. Umezaa tafsiri na vitabu, na umewafundisha watu wa kawaida kufungua Maandiko wenyewe. Umezaa pia kashfa, uhasama na kesi, pale mtu alipotaka kumdhalilisha mwenzake badala ya kumjibu, au alipoita polisi badala ya kufungua kitabu. Mahakama ya Rufani ilitupa uhuru wa kusema. Adabu ya kuutumia ni juu yetu.

Yohana sura ya 20 inatosha kuipima. Mstari wa 17 ni ule wa Khalifa al-Mahdi, Yesu akimtaja Mungu wake. Mistari kumi na mmoja mbele, Tomaso anamkiri Yesu kuwa Bwana wake na Mungu wake, na hakemewi. Wahadhiri wengi huishia kwenye mstari unaowafaa. Asomaye sura yote, akaanza na mstari unaomtatiza yeye, akaueleza kwa nguvu ile ile ambayo mpinzani wake angeueleza, ndiye anayestahili kupewa kipaza sauti, awe amevaa kanzu au joho.