Umbali kati ya Kikapu na Mnunuzi

Kila inapozungumzwa sanaa ya vijijini kwetu, hasa ususi wa vikapu, ufinyanzi na ngoma, huzuka lawama ileile: biashara imeiharibu. Husemwa kwamba zamani kikapu kilisukwa kwa ajili ya harusi, mavuno na heshima ya nyumba, na kwamba siku kilipowekewa bei ndipo kilipopungukiwa na roho. Lawama hii ina mvuto, na wanaoitoa wengi wao wanaipenda sanaa kwa dhati. Hata hivyo, historia ya Kibondo na Kasulu, nyanda za juu za Uha zinazopakana na Burundi, haiiungi mkono. Mafundi wa huku waliishi na soko kwa karne nyingi na kazi yao ikasimama. Kilichowadhoofisha ni kutengwa na soko, mara kwa kodi, mara kwa amri ya kuhama, mara kwa geti lililofungwa.

Tuanze na chumvi. Kusini mwa nyanda hizi, Uvinza, kuna chemchemi za maji ya chumvi ambazo wanaakiolojia walizichimba mwaka 1967, wakagundua kwamba watu walikuwa wakiyachemsha maji hayo tangu miaka 1,500 hivi iliyopita. Kazi hiyo haifanyiki bila mfinyanzi, maana chumvi ilichemshwa katika vyungu, navyo vyungu hupasuka; mahali pa namna hiyo huacha vigae chungu nzima. Wala haifanyiki bila mtu wa kufungasha. Chumvi iliyofungwa ovyo huyeyuka mvua ya kwanza inapomkuta mchukuzi njiani, kwa hiyo ustadi wa anayefunga ulipimwa sokoni kwa hesabu ya kilichofika, si kwa sifa za nyumbani. Chumvi hiyo ilitawanyika nchi nyingi, nalo soko la Ujiji, mji uliokulia pembezoni mwa Uha, lilikuwa na fedha yake, shanga nyeupe ziitwazo sofi, zamani kabla ya rupia kufika. Henry Stanley alipopita Uha mwaka 1871 akielekea Ujiji, wakubwa wa nchi walimdai hongo ya nguo nyingi kiasi kwamba mwishowe aliamua kutoroka usiku na msafara wake. Nchi iliyojua kutoza nguo kwa wapita njia haikuwa kijiji kilichojificha mbali na biashara kikisukia upendo tu.

Hapa mpinzani ana hoja nzito, nami siwezi kuikwepa. Nguo hizohizo za hongo, merikani na wenzake, ndizo zilizoliua vazi la magome ya miti, na majembe ya kiwandani kutoka ng'ambo yakamfungia mfua chuma karakana yake. Je, si soko hilo? Ndilo, na hasara yake ilikuwa kubwa: maarifa ya kuchagua mti, kubandua gome na kulipondaponda hadi lilainike hayarudi kwa kutamaniwa. Lakini tazama kilichobaki. Kikapu, ungo na chungu vilipitia soko lilelile, wakati uleule, na havikufa. Vilibaki kwa sababu aliyevitumia aliishi karibu na aliyevitengeneza, akaweza kurudisha kilichovuja na kusifu kilichodumu. Ushindani uliua baadhi ya fani, lakini kuuzwa kwenyewe hakukuziua.

Tazama pia ile sanaa ambayo haikuuzwa kamwe. Katika falme za Maziwa Makuu ngoma ilikuwa utawala wenyewe. Haikupelekwa gulioni, na wapigaji wake walilelewa na mwami, yaani mfalme. Heru, ufalme uliokuwa Kasulu, ulikuwa na mwami mwanamke, Theresa Ntare, ambaye baadaye aliingia katika siasa za kudai uhuru. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ilifuta utemi, na kwa sheria hiyo moja sanaa iliyomtegemea mfalme ikakosa mlezi. Ng'ambo ya mpaka jambo hilo linaonekana kwa sura nyingine. Ngoma ya kifalme ya Burundi iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014, na mwaka 2017 amri ya rais ikapiga marufuku wanawake kuipiga na kuyataka makundi yaombe kibali. Wanaotamani sanaa isiyoguswa na pesa wapime jambo hili: fani yenye mlezi mmoja huishi kwa ridhaa ya mlezi huyo, ilhali msukaji mwenye wateja hamsini hawezi kunyamazishwa na mmoja wao.

Pigo kubwa kwa mafundi wa Uha, kwa maoni yangu, lilipitia miguuni mwa wanaume. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini mkoa haukupewa zao la kuuza; ulichukuliwa kuwa ghala la vibarua. Kodi ilidai fedha taslimu, na fedha ilikuwa kwenye mashamba ya mkonge, Tanga na Morogoro. Kuanzia 1944 wakala wa wenye mashamba, SILABU, aliandikisha watu Kasulu na Kibondo na kuwasafirisha kama manamba, kila mmoja na kipande chake cha kuhesabia siku. Kabla ya hapo, miaka ya 1930, ugonjwa wa malale ulikuwa umeifanya serikali iwaondoe watu wa Kibondo porini na kuwakusanya katika makazi ya pamoja. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma ikawahamisha tena, safari hii kwenda vijiji vya ujamaa. Malale yalikuwa yanaua kweli, na shule na zahanati za ujamaa zilihitajika kweli. Ila kila uhamisho ulimwacha fundi mbali na nyasi zake, udongo wake na watu waliomjua kwa kazi yake.

Mkonge huohuo unatupa kipimo kizuri. Miaka ya 1950, Edward Saidi Tingatinga kutoka Tunduru naye alikwenda mashamba ya mkonge Tanga kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Mwaka 1968 alianza kuchora kwa rangi za mafuta kwenye ubao laini, na picha zake zikauzwa Oysterbay, nje ya duka la Morogoro Stores, mahali ambapo wageni walipita kununua mahitaji ya nyumbani. Alifariki mwaka 1972, lakini fani hiyo ina jina lake hadi leo. Wachongaji wa Kimakonde nao walijisogeza jijini kwa wanunuzi. Watu wa Uha walipita njia ileile ya mkonge. Sidhani kwamba kipaji chao kilikuwa kidogo. Mikono iliyojua kusuka ilikuwa ya wanawake waliobaki Kasulu na Kibondo, kilomita zaidi ya elfu moja kutoka kwenye baraza lile la Oysterbay.

Leo umbali huo una sura ya kambi. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Nduta ya Kibondo na Mtendeli ya Kakonko zilifunguliwa upya kwa Warundi waliokimbia machafuko ya 2015. Wanawake walikuja na ususi wa agaseke, kikapu chenye kifuniko cha mchongoko, na wakakuta majirani wanaoongea Kiha, lugha wanayosikilizana nayo karibu bila mkalimani. Kazi yenyewe ni ya kuinamia: kitita chembamba cha nyasi huzungushwa kama nyoka aliyejikunja, na kila mzunguko hushonwa kwenye ule wa chini kwa sindano nene. Uzi mara nyingi ni mfuko wa salfeti uliochanwa vipande vyembamba. Mfuko uliobeba unga unageuka kuwa ua jeupe ubavuni mwa kikapu. Kampuni ya WomenCraft, iliyoanzia Ngara, imewaunganisha wasukaji Warundi na Watanzania na wanunuzi wa nje kupitia MADE51, mpango wa UNHCR kwa mafundi wakimbizi.

Wapo wanaosema kwamba kikapu hicho kimepoteza asili, kwa kuwa ukubwa na rangi vinaamuliwa na mteja wa Ulaya au Marekani. Ni kweli vinaamuliwa hivyo, na tatizo lipo. Mteja wa mbali hawezi kumwambia msukaji kwamba kifuniko kimekaza mno au kwamba kikapu kimemfaa mwaka wa tatu sasa. Anajua picha na bei tu. Lakini mteja wa karibu aliondolewa kwa uamuzi. Kati ya 2018 na 2019 masoko ya pamoja, walikokutana wakimbizi na wenyeji, yalifungwa, na mkimbizi haruhusiwi kuvuka kilomita 4 kutoka kambini bila kibali. Serikali ilitaja usalama, na mkoa uliopokea wimbi baada ya wimbi la watu wenye vita nyuma yao una haki ya kuuliza nani anaingia na nani anatoka. Hata hivyo, ulinzi ungeweza kuwekwa langoni mwa soko. Soko lilipofungwa, hasara ilimfikia pia mama wa Makere, jirani na Nyarugusu, aliyekuwa akiuza mihogo na kununua chombo cha kuibebea.

Sasa lami kutoka Kabingo kupitia Kasulu hadi Manyovu, takriban kilomita 260, imeanza kuifupisha nchi, na halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Lami italeta mabeseni ya plastiki kwa kasi kubwa kuliko vikapu vitakavyotoka, na mkopo humnunulia msukaji salfeti na rangi lakini haumpatii meza gulioni. Meza hiyo inahitaji siku ya soko, kivuli na ruhusa, vitu ambavyo wilaya za Kibondo na Kasulu zinaweza kuvitoa kabla ya mavuno yajayo.