Kiporo na Maharage: Majina ya Milo Tuliyofundishwa

Nilipokuwa darasa la tano hapa Mazwi, mwalimu alitutaka tuandike insha kuhusu kifungua kinywa. Niliandika ukweli: ugali wa ulezi uliolala, ukachomwa juu ya makaa, ukaliwa na maharage ya jana. Daftari lilirudi na mstari mwekundu juu ya neno kiporo, na pembeni pameandikwa: "Chai, mkate, yai." Kwetu yai lilikuwa la kuuzwa.

Tangu hapo nayatazama majina ya milo kwa jicho la mtu aliyewahi kusahihishwa.

Si kwamba Kiswahili kilikosa majina. Chamcha ni chakula cha mchana. Chajio ni cha jioni, kutokana na jio, neno kongwe ambalo leo wengi wetu hulisikia ndani ya jioni tu. Pwani ilipokea staftahi kutoka Kiarabu, na kwa kuwa asili yake ni kufungua, kifungua kinywa ni pacha wake. Wenzetu wa Kenya wameona heri kinywa kiamshwe: kiamshakinywa. Hata kiporo kina ndugu yake, mwiku, chakula cha usiku kinacholiwa asubuhi. Mlo wa asubuhi wa watu wengi ulikuwa na majina mawili kamusini, na darasani haukuwa na hata moja.

Kilichotawala ni chai. Mtu huulizwa "Umekunywa chai?" hata kama alichokula ni muhogo na maji. Bibi yangu hakuuliza hivyo kamwe, aliuliza, "Mmekula?" Saa haikumhusu.

Neno linalonigusa zaidi ni posho. Wafipa wengi waliondoka uwanda huu kwenda mashamba ya mkonge na migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Kwa kibarua wa mkonge, posho ilikuwa unga aliopimiwa. Uganda neno hilo limekuwa jina la ugali wenyewe. Kwetu limepanda ngazi: leo posho ni fedha ya kikao, na anayeipokea huenda hajashika jembe mwaka mzima. Sijui neno jingine la chakula lililohama tabaka kwa mwendo huo bila kubadili hata herufi.

Tusidhani Waingereza walikuja na majina yaliyotulia. Kwao dinner ilikuwa mlo mkuu wa mchana. Katika karne za 18 na 19 matajiri wakaisogeza hadi usiku, ilhali wafanyakazi, hasa wa kaskazini, waliibakiza mchana na mlo wao wa jioni wakauita chai. Maofisa waliotutawala walileta dinner ya mabwana. Ndiyo maana dina ya hoteli zetu huandaliwa usiku. Laiti wangetujia wachimba makaa wa Durham, huenda leo tungealikana dina saa saba mchana.

Juzi nilimwonyesha rafiki mshairi beti nilizomtungia bibi. Akanishauri niweke kifungua kinywa, "kwa adabu ya lugha." Nilihesabu: mizani sita kati ya nane za kipande, na bado bibi hajala kitu. Nikarudi kwenye neno langu la darasa la tano. "Kiporo na maharage" ni mizani nane kamili.