Tanga Kubwa, Chombo Kidogo: Vyombo vya Njia ya Tabora na Ujiji

Leo katika somo letu la historia tutazungumza juu ya tanga la chombo. Huenda mzee mmoja huko darasani akauliza, "Tabora iko katikati ya nchi kavu. Matanga yanahusu nini huko?" Swali hilo ni zuri. Na tulijibu polepole.

Katika karne ya 19 njia kubwa ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani Tabora. Hapo njia ziligawanyika. Moja ilikwenda kaskazini mpaka Karagwe na Buganda. Nyingine ilikwenda magharibi mpaka Ujiji, penye Ziwa Tanganyika. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba nguo, shanga na nyaya kwenda bara, wakarudi na pembe za ndovu. Lakini mpagazi, hata awe hodari namna gani, akifika Ujiji miguu yake hukoma. Ng'ambo ya maji ndiko kulikuwa na Manyema, ambako pembe nyingi zilitoka, na ambako watu wengi walitekwa na kutiwa utumwani. Kwa hiyo biashara ya Tabora na Manyema, ya halali na ya dhuluma, ilitegemea chombo.

Ni chombo gani? Watu wa ziwani walikuwa na mitumbwi yao. Mitumbwi mikubwa ilichongwa kwa gogo moja la mvule kutoka milima ya Ugoma, upande wa magharibi. Mtumbwi wa namna hiyo una tumbo la mviringo, wala hauna mkuku chini yake. Kwa kafi ni chombo chema sana. Lakini ukiutia tanga kubwa, mambo mawili hutokea. La kwanza, upepo ukivuma kutoka ubavuni, mtumbwi hulala na huweza kupinduka. La pili, hata usipopinduka, husukumwa kando kama jani, kwa sababu hakuna kitu chini ya maji cha kuuzuia.

Watu wa pwani walilijua tatizo hilo zamani. Ngalawa yao hutiwa ndubi mbili pembeni ili isipinduke. Jahazi nalo lina mkuku mrefu, na shehena hupangwa ndani likae imara. Waarabu na Waswahili walipofika ziwani, walitaka chombo chenye mkuku chini na tanga la pembe tatu juu. Mwezi Machi 1858, Mwingereza Speke alivuka ziwa kwa mtumbwi mpaka kisiwa cha Kasenge, akiwa na shabaha moja tu: kulikodi jahazi la Hamed bin Sulayyim. Hakulipata. Yeye na mwenzake Burton wakaenda kaskazini kwa mitumbwi, wakafika Uvira, wakarudi bila kuuona mdomo wa mto Rusizi. Mto ule unaingia ziwani au unatoka? Jibu lilipatikana Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipofika huko, nao pia kwa mtumbwi wa mvule, wakaona kwamba unaingia.

Mwaka 1874 Stanley alikuja tena, akaleta chombo kilichojengwa Uingereza, jina lake Lady Alice. Kilikuwa na urefu wa futi 40 na upana wa futi 6, nacho kilifanywa kwa vipande vitano ili wapagazi waweze kukibeba mabegani. Fikirini, ndugu zangu: mashua ikitembea porini juu ya mabega ya watu! Kwanza ilizunguka Ziwa Nyanza, mwaka 1875. Mwaka 1876 ikafika Ujiji, na tangu Juni 11 ikalizunguka Ziwa Tanganyika kwa siku 51. Miezi hiyo ni ya kiangazi, upepo wa kusini huvuma kwa nguvu. Anayekwenda kusini hukutana nao usoni, na hapo makasia huwa na kazi kuliko tanga.

Baadaye alikuja baharia Edward Hore wa London Missionary Society, aliyefika Ujiji mwaka 1878. Mwaka 1883 chombo cha chuma kiitwacho Morning Star kiliingizwa ziwani, baada ya kusafirishwa vipande vipande kutoka pwani.

Sasa tufanye jaribio. Mwalimu, weka kijiti juu ya meza. Kizuie kwa kidole katikati, halafu kisukume kwa kidole kingine kwenye ncha. Kijiti kinazunguka. Kisukume tena palepale ulipokizuia. Hakizunguki. Tanga ni kidole kinachosukuma, na mkuku ni kidole kinachozuia. Mvuto wa tanga ukiwa nyuma mno ya mkuku, chombo hugeuza uso kwenye upepo. Ukiwa mbele mno, huupa upepo mgongo, na mshika usukani huchoka. Fundi mzuri hukilinganisha cha juu na cha chini.

Kanuni hiyo haijafa. Katika miaka ya 1960 huko Marekani ulianza mchezo wa ubao wa tanga, mtu mmoja akisimama na kushika tanga kwa mikono. Mbao zinazotumiwa kwenye mawimbi mara nyingi hutiwa mapezi madogo matatu au manne chini, mahali pa pezi moja kubwa, ili zigeuke upesi. Ubao kama huo hutaka tanga dogo ambalo mvuto wake hauhamihami, na mlingoti husogezwa mbele au nyuma kidogo mpaka ubao utulie.

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mara ikapitisha vipande vya meli ya Wajerumani, Graf von Goetzen, iliyoingia majini mwaka 1915 na baadaye ikaitwa Liemba. Ilikwenda kwa moshi, haikuhitaji tanga. Lakini tusiwasahau wale waliobeba mashua mabegani, wala wale waliovushwa ziwa wamefungwa minyororo. Upepo uleule uliwasukuma wote.

Maswali ya kujadili darasani:
1. Kwa nini mtumbwi usio na mkuku husukumwa kando?
2. Kwa nini Lady Alice ilijengwa kwa vipande?
3. Waulizeni wazee wenu: nani katika ukoo aliwahi kusafiri njia ya Ujiji, na alibeba nini?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.