MKULIMA WA UFIPA NA MDAI WAKE MBELE YA HAKIMU

Katika kitabu hiki cha miaka kumi ya Umoja wetu mtasoma habari nyingi za mahindi, maharage na ghala. Sisi wa upande wa uandishi tumeona vema tueleze habari za deni, maana wapo wenzetu walioitwa mahakamani kwa sababu yake, na baadhi yao walishindwa kabla hawajafungua vinywa.

Wakati wa utawala wa Waingereza, sheria ya mwaka 1931 iliamuru kwamba asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika hataweza kumdai mahakamani, isipokuwa mkopo uwe umeandikwa na kukubaliwa na ofisa wa Serikali. Mwenye duka aliyetoa nguo na chumvi kwa kutegemea mavuno yajayo hakuwa na njia ya kushitaki, ikiwa Bwana Shauri hakuitia sahihi karatasi yake. Wapo walioiita sheria hiyo ngao. Sisi twaiona kuwa ni ngao yenye dharau ndani yake: ilimlinda mtu mzima kama alindwavyo mtoto, na Mwafrika aliyetaka kufungua duka lake alipata taabu kubwa kupewa mali kwa mkopo. Sheria hiyo haipo tena.

Baada ya Uhuru, Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963 iliunganisha mabaraza ya wenyeji na mahakama nyingine, ikawa ngazi moja kwa watu wote. Mikopo nayo iliongezeka. Benki ya Maendeleo Vijijini ilianzishwa mwaka 1971, nayo ikageuzwa kuwa CRDB mwaka 1984; na katika miaka hiyo mahindi ya Rukwa yalipata sifa nchini kwa nguvu ya mbolea. Siku hizi mkopeshaji aweza kuwa benki yenye kadi, SACCOS, au kampuni ikopeshayo kwa simu. Kwa hakimu, yote hayo ni deni.

Basi mkulima wa leo hana Bwana Shauri wa kumsemea. Ana haki ya kujisemea mwenyewe. Hapa ndipo wengi hukosea. Tumepata kuona hati ya wito ikifichwa darini, kana kwamba karatasi isiyosomwa haina nguvu. La! Asiyefika husikilizwa mdai peke yake, na hukumu hutoka. Katika Mahakama ya Wilaya na zilizo juu yake, mdaiwa aliyepewa wito wa kujibu kwa maandishi hupewa siku 21. Mahakama ya Mwanzo ina kanuni zake, lakini huko nako ni lazima kufika.

Mdai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha: mkataba uko wapi, kiasi gani kilitolewa, riba ilihesabiwaje, malipo yaliyokwisha kupokelewa yameandikwa? Kwa hiyo stakabadhi zitunzwe, hata zikiliwa pembeni na mende. Tena Sheria ya Ukomo wa Muda ya 1971 humpa mdai wa mkataba miaka 6 tu; ila mdaiwa akilipa sehemu, au akikiri deni kwa maandishi, hesabu huanza upya.

Na akishindwa? Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya 1966 haimwachi mkulima uchi. Haziruhusiwi kukamatwa nguo za lazima, vyombo vya kupikia wala matandiko. Wala zana za kilimo, ng'ombe na mbegu ambazo mahakama itaona ni za lazima kwa riziki yake. Wala nyumba akaayo na jamaa yake, wala shamba la mtu ambaye maisha yake yote yategemea shamba hilo. Ajaye kukamata mali kwa kutekeleza hukumu aonyeshe amri ya mahakama. Lakini aliyeiweka nyumba au shamba rehani asiitegemee kinga hiyo. Hati ya namna hiyo isomwe yote kabla ya sahihi, na asiye na uwezo wa kumlipa wakili aweza kuomba msaada bila malipo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.