Vipande Vitano, Mishono Minne

Katika miaka mia moja ya usharika wetu, watu wa Kihesa wameishi chini ya bendera tatu: ya Uingereza, ya Tanganyika huru tangu tarehe 9 Desemba 1961, na ya Jamhuri ya Muungano tangu mwaka 1964. Historia za sharika huandikwa kwa majina ya wachungaji na tarehe za kuweka majengo wakfu. Hapa tuitazame yetu kwa jicho la fundi cherehani.

Bendera ya Tanganyika, ambayo Luteni Alexander Nyirenda aliipandisha kileleni Kilimanjaro usiku wa Uhuru, haikumsumbua fundi. Kijani, nyeusi na kijani, na fito za dhahabu katikati, vyote vimelala sambamba. Mwalimu Nyerere na Mzee Karume walipotia saini Hati za Muungano tarehe 22 Aprili 1964, ilibidi buluu ya Zanzibar ipatiwe nafasi. Ingeongezwa kama utepe pembeni, nani angelaumu? Badala yake kitambaa kizima kilipangwa upya kwa mshazari: kijani cha ardhi na buluu ya maji vikawa sawa kwa ukubwa, na katikati weusi wa wananchi, ukipakana na dhahabu ya madini pande zote mbili. Ni vipande vitano na mishono minne. Mwenye kushona shuka la viraka anajua ugumu wake, maana kitambaa kilichokatwa mshazari hunyumbuka mkononi. Asipokibana kwa pini na kwenda polepole, kazi yote hukunjamana.

Kanisa letu lilikuwa limekwisha kuunganishwa miezi kumi kabla. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri, letu la Kusini likiwamo, yalifanyika KKKT moja. Na Mkristo wa Iringa akaanza kusema “sisi” akimhesabu na ndugu wa Bukoba ambaye hajapata kumwona. Mwaka 1987 Dayosisi ya Iringa ilipoanzishwa, mipaka ilibadilika, kitambaa kikabaki kimoja.

Tangu vyama vingi virudi mwaka 1992, kila uchaguzi huja na vitenge vyake, na nyumba moja yaweza kuwa na rangi mbili. Kampeni zikiisha, vitambaa hivyo huchakaa, navyo huishia katika kapu la mabaki pamoja na sare za kwaya na za harusi. Mwenye shuka la viraka huchagua humo kipande kwa uimara wake.


Bendera nayo huanza kuchanika kwenye ncha iliyo mbali na mlingoti, inakopigwa na upepo zaidi. Hapo ndipo fundi huanza kuikagua.